Bega la mdogo wangu linachomoka hata akitandika kitanda, hospitali wanasema anaigiza

#1 Kijana wa Sae
Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa Mbeya na nina hasira, mnivumilie.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 19. Tangu utotoni vidole vyake vinarudi nyuma mpaka unaangalia pembeni. Shule ya msingi wenzake walikuwa wanampa pipi awaonyeshe. Sasa pipi zimekwisha. Bega la kulia limechomoka mara 4 tangu Januari: kwanza akiwa anashusha ndoo, halafu anavuta blanketi, ya tatu hata mwenyewe hajui, ya juzi anatandika kitanda.

Kinachotumaliza ni hiki. Tukifika hospitali (siitaji), bega limesharudi lenyewe kwenye bajaji. Linapigwa picha, picha safi. Daktari anamwangalia yeye, anatuangalia sisi, anaandika diklofenaki ya maumivu. Juzi nesi kamuuliza mbele ya foleni nzima, "Binti, mtihani umekaribia nini?" Shule kamaliza mwaka juzi!

Ongezeni na haya: akisimama ghafla anaona giza, mara mbili ameanguka. Akichubuka kidonda kinakaa wiki. Na jino aling'olewa akisikia kila kitu, ganzi haikushika, akaambiwa ni mwoga.

Mama anataka tumpeleke kwa mzee mmoja Tukuyu anayeunga mifupa. Mimi sitaki. Hiki ni nini, na hospitali unaongea nao vipi mpaka wakusikie?

#2 Bonde la Usangu
Kalsiamu. Dagaa, maziwa, supu ya mifupa. Uzi ufungwe.

#3 Mama Parachichi
#2 kliniki umefungua lini? Kalsiamu ikipungua kwa mtoto unaona matege, mfupa wenyewe unalainika. Huyu mifupa yake mizima, kilicholegea ni kamba zinazoshikilia. Zaidi ya hapo sijui, nakaa hapa na chai yangu ya Mufindi nawasubiri wajuzi.

#4 Mtazamaji
Kwa heshima zote. Bega linachomoka nyumbani, likikaribia hospitali linarudi. Upande wa baba wameulizwa? Jiongezeni.

#5 Kabwe Stendi
Kwa hiyo pepo linaogopa eksirei, hahaha.

#6 Tabibu Mstaafu
Kamwene. Nimefanya kazi vijijini Njombe na Makete miaka mingi, sasa napalilia viazi. Kijana wa Sae, mjaribu mdogo wako hivi, taratibu, bila kulazimisha.

Kidole kidogo kikirudi nyuma kupita nyuzi 90, pointi 1 kila mkono. Dole gumba likilala mpaka kugusa mkono upande wa ndani, pale juu ya kifundo, pointi 1 kila mkono. Kiwiko kikipinda kinyume kupita nyuzi 10, vivyo hivyo. Magoti pia. Mwisho asimame, ainame bila kukunja magoti. Viganja vikikaa chini vyote, pointi 1. Jumla ni 9. Mtu mzima mpaka miaka 50 akifika 5 anahesabiwa mlegevu wa viungo. Mtoto ambaye hajabalehe ni 6, maana watoto wote ni mpira. Aliyepita 50, pointi 4 zinatosha.

Sasa kuwa mlegevu peke yake si ugonjwa. Wapo wanasarakasi wana 9 na wanalala usingizi. Shida inaanza viungo vikichomoka, maumivu yakikaa, ngozi ikichanika ovyo, kichwa kikizunguka. Hapo unafikiria magonjwa ya tishu unganishi, yaani ile nyuzinyuzi inayoshikilia ngozi, kano, mishipa ya damu, hata utumbo. Kwa kuwa iko kila mahali, mgonjwa analalamika kila mahali, na mtu anayelalamika kila mahali sisi matabibu tulikuwa na jina lake baya, silisemi hapa.

Kundi moja linaitwa Ehlers-Danlos, majina ya Mdenmaki aliyeandika 1901 na Mfaransa aliyeandika 1908. Katika mpangilio wa 2017 lina aina 13. Mimi kazini sikuwahi kuandika jina hilo kwenye faili hata moja. Nikikumbuka nyuma, nadhani wagonjwa wake niliwaona, nikawaandikia diklofenaki.

#7 Kijana wa Sae
Mzee shikamoo. Nimempima sasa hivi: vidole 2, magumba 2, viwiko 2, goti la kushoto 1, viganja chini 1. Nane! Anacheka, anasema hajawahi kupata nane ya chochote.

#8 Bonde la Usangu
Ndiyo maana nasema magonjwa haya ya wazungu. Sisi Waafrika kwa asili tuna viungo laini, angalia ngoma zetu. Mkipima hivyo mtaa mzima wa Mwanjelwa utalazwa.

#9 Fundi Mizani
#8 umegusa kitu halafu umekidondosha. Hivyo vipimo vya pointi 9 vinaitwa kwa jina la Peter Beighton, profesa wa Cape Town, na vilitoka kwenye utafiti wa 1973 uliofanywa kwa Watswana wa vijijini Afrika Kusini, watu zaidi ya elfu moja. Kwa hiyo kipimo chenyewe kimezaliwa Afrika kwa kupima Waafrika. Walichokiona: wanawake wanapinda kuliko wanaume, na kila umri ukienda viungo vinakaza.

#10 Bonde la Usangu
Sawa, lakini hujajibu. Kama wengi tunapinda, daktari atamjuaje mgonjwa?

#11 Fundi Mizani
Kwa madhara, kama mzee alivyosema #6. Ila nakubali, swali lako ni halali. Kukata mstari kwenye 5 ni uamuzi wa watu waliokaa kikao.

#12 Kabwe Stendi
Nimejipima nina 1, kitambi kimezuia viganja. Mke wangu ana 7. Miaka yote nalaumu godoro.

#13 Mrefu wa Mafinga
Jamani msiishie kwenye vidole. Kaka yangu alikuwa mlegevu hivyohivyo, mrefu, vidole kama kalamu. Alikuwa anatuchezea voliboli. Macho yalianza kusumbua, akapewa miwani tatu tofauti, mpaka daktari mmoja wa macho akasema lenzi imehama mahali pake. Ni yeye, mtu wa macho, ndiye aliyesema nendeni mkapime moyo. Tulifika Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akapigwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo umetanuka. Marfan, nao ni ugonjwa wa hizo tishu unganishi.

Yule Flo Hyman wa Marekani, mchezaji wa voliboli, alikufa 1986 Japani, katolewa uwanjani akakaa benchi, akaanguka hapohapo. Alikuwa nayo, hakuna aliyejua. Kaka yangu anatumia dawa ya kutuliza nguvu ya mapigo, eko kila mwaka, voliboli basi. Alilia kwa ajili ya voliboli kuliko kwa ajili ya moyo.

Mjaribu hivi: akunje ngumi, dole gumba ndani. Ncha ikitokeza upande wa pili wa kiganja, ni dalili. Azungushe kidole kidogo na gumba kwenye kifundo cha mkono wa pili. Vikipishana na kucha kufunikana, dalili nyingine. Na mkimpima mikono iliyotanuliwa ikaizidi urefu wake kwa mbali, twendeni eko.

#14 Mwalimu wa Zamu
Hata Rais Lincoln alikuwa na Marfan.

#15 Fundi Mizani
#14 hilo linasemwa sana kwa sababu alikuwa mrefu mwembamba. Halijawahi kuthibitishwa. Ugonjwa ulielezwa na Antoine Marfan 1896, Lincoln alishakufa 1865.

#16 Mwalimu wa Zamu
Asante kwa kunisahihisha mbele ya wanafunzi wangu.

#17 Kijana wa Sae
Mrefu, pole na kaka. Wa kwetu mfupi, ana futi 5 na kidogo. Ngumi gumba halitokezi. Macho mazima. Ila mmenitisha, eko nitaomba.

#18 Binti Ilomba
Naomba kuongelea jino maana limenigusa. Mimi nina viungo hivyohivyo na nimeshonwa, nimeng'olewa, nimezaa. Ganzi kwangu inashika dakika chache halafu inaondoka kama mgeni aliyeona sahani tupu. Walisema naogopa. Sikuogopa, nilisikia koleo.

#19 Dawa za Meno
Mimi niko upande wa koleo. Ganzi isiposhika, mara nyingi kosa ni la jino lenyewe. Palipo na usaha pana tindikali, na lignokeini, dawa yenyewe ya ganzi, kwenye tindikali inashindwa kupenya kwenye neva. Watu wanakuja siku ya tano uso umevimba kama andazi, halafu lawama kwangu. Pili, mfupa wa taya la chini mnene, sindano ikikosea milimita chache hakuna kitu. Sisemi dada anadanganya.

#20 Binti Ilomba
Jino langu halikuwa na usaha, lilikuwa limepasuka. Na mguu niliposhonwa je, nao ulikuwa na taya?

#21 Tabibu Mstaafu
Nyote mna haki kidogo. Wagonjwa wa Ehlers-Danlos kulalamika kuhusu ganzi kumeandikwa sana na madaktari wenyewe, ila kwa nini, hawajakubaliana. Wapo wanaosema dawa inasambaa haraka kwenye tishu iliyolegea, wengine hawaridhiki na hilo. Kwa mgonjwa sababu haimsaidii. Amwambie daktari mapema, "ganzi huwa hainishiki vizuri," achomwe, asubiriwe, ajaribiwe kwa kuguswa kabla ya kukatwa. Dakika 10 tu.

#22 Dawa za Meno
Hilo nakubali. Tatizo dakika 10 mara wagonjwa 40.

#23 Bibi Harusi Mtarajiwa
Binti Ilomba, kwenye kuzaa ilikuwaje? Naolewa Desemba na nimepata 6 kwa kipimo cha #6.

#24 Binti Ilomba
Hongera. Wa kwanza alikuja haraka mno, chupa ilipasuka kabla ya wiki kutimia. Nilichanika, nikashonwa, nyuzi zikaachia siku ya nne. Wa pili nilimweleza mkunga mapema, tena mkunga mwenyewe mama wa makamo, hakujua jina la ugonjwa ila alinisikiliza. Hawakuniacha miguu imepanuliwa kwa muda mrefu, maana nyonga zangu nazo zinatoka. Nilishonwa tabaka mbili, nyuzi karibukaribu bila kuvuta ngozi, za nje zikakaa siku nyingi kuliko za wenzangu wodini. Kovu limetanuka kama karatasi ya sigara lakini halikuachia.

#25 Nesi wa Zamu ya Usiku
Bibi Harusi, usiogope kwa pointi 6 tu. Wengi wenye viungo laini wanazaa salama. Inayotutisha ni ile aina ya mishipa ya damu: ngozi nyembamba mpaka mishipa unaihesabu kifuani, michubuko bila kuguswa, na kwenye ukoo kuna waliokufa ghafla wakiwa vijana, au utumbo au mji wa mimba ulipasuka. Ukiwa na historia hiyo, useme kabla ya kubeba mimba, na uzalie hospitali ya rufaa.

Halafu wakuu mnisikilize na mimi. Yule nesi wa #1 alikosea, tena mbele ya foleni. Lakini mjue na upande wetu. Usiku mmoja wanakuja wa ajali ya bodaboda, mtoto wa degedege, na watatu wanaotaka karatasi ya kupumzika kazini, wote wameshika bega. Anayechomoka bega na kufika limerudi anafanana na hao watatu. Ushahidi haupo mwilini tena. Kwa hiyo uleteni mfukoni: piga picha ya simu bega likiwa limetoka, tarehe ionekane. Andikeni kwenye daftari siku, alikuwa anafanya nini, lilikaa nje dakika ngapi. Sisi tunaamini maandishi, hata mabaya.

Na kwenye drip, mwambieni nesi asibandike plasta ngumu, ikibanduliwa inaondoka na ngozi. Nimeona kwa macho yangu.

#26 Mtazamaji
Daftari, picha, vidole. Nauliza tena, upande wa baba mmeuliza?

#27 Kijana wa Sae
#26 nimeuliza bwana! Shangazi upande wa baba anaweza kukaa miguu shingoni mpaka leo na ana miaka 52. Bibi mzaa baba alikuwa "mtu wa kuteguka". Umefurahi?

#28 Tabibu Mstaafu
Hahaha, Mtazamaji amepiga ndege kwa jiwe asilolijua. Haya mambo yanarithiwa. Aina zinazoonekana zaidi, mzazi mmoja akiwa nayo kila mtoto ana nusu kwa nusu. Ile ya viungo kuchomoka, ambayo naihisi kwa binti, jeni yake bado haijajulikana, kwa hiyo msije mkauza ng'ombe kutafuta kipimo cha damu. Inatambuliwa kwa kumpima kwa mikono, kusikiliza historia na kuondoa mengine.

#29 Mwana wa Rungwe
Ugonile. Mmemsahau mzee wa Tukuyu. Wazee hawa wanaunga mifupa tangu mababu, mimi mguu wangu ulivunjika kwenye mgomba wa ndizi, hospitali walitaka kuweka chuma, mzee akafunga mianzi na dawa, leo nacheza mpira. Heshimuni.

#30 Mama Parachichi
Wanyakyusa kwa kujisifu! Hata kuvunjika mnavunjikia kwenye ndizi.

#31 Mtu wa Mazoezi Tiba
Mwana wa Rungwe, mguu wako ulivunjika, huyu hajavunjika. Mfupa uliovunjika unaungana. Kano iliyolegea ukiikanda na kuivuta unazidi kuilegeza. Nimepokea waliokandwa bega mpaka neva ikaumia, vidole vinakufa ganzi.

Na hospitali nako wasicheke. Kufunga hogo wiki 6 kwa bega la namna hii ni kumwonea, misuli inanyauka, na kwa huyu misuli ndiyo imebaki kufanya kazi ya kano. Hata upasuaji wa kukaza bega, kwa walegevu matokeo hayadumu kama kwa wengine, kwa hiyo unakuwa wa mwisho. Kazi yetu ni kujenga misuli polepole, miezi. Aache mara moja kujinyoosha na kuonyesha vidole. Lile la kuonyesha ni tamu, najua, lakini kila onyesho ni gharama.

#32 Kabwe Stendi
Pipi zote zile zirudishwe.

#33 Baridi ya Uyole
Mimi nadhani mnazunguka. Viungo vya watu wa huku vinaumwa na baridi. Mwezi wa sita na wa saba kila mtu anachechemea. Ahamie Kyela akae kwenye joto na mchele.

#34 Binti Ilomba
Nimeishi Kyela. Viungo vilitulia, ni kweli. Lakini kuzimia kulizidi, nilianguka sokoni nimeshika samaki. Joto linatanua mishipa, damu inabaki miguuni. Nimerudi Mbeya kutetemeka.

#35 Tabibu Mstaafu
Hapo kwenye kuona giza. Alale dakika 5 hadi 10, mhesabu mapigo. Asimame, mhesabu tena kila dakika mpaka 10. Yakipanda kwa 30 au zaidi na presha haikushuka sana, andikeni kwenye lile daftari alilosema nesi #25. Kwa wa chini ya miaka 20 wanataka 40, kwa hiyo wa miaka 19 ni 40. Lakini kwanza damu yake ipimwe, maana msichana mwenye upungufu wa damu naye anaona giza. Baada ya hapo ndipo tunaongelea maji mengi, chumvi kidogo zaidi (presha ikiwa kawaida), na kuinuka kwa awamu.

#36 Duka la Dawa Baridi
Nyongeza fupi. Kama kuna dalili ya Marfan au ile aina ya mishipa, msinunue sipro, ile dawa ya kuua bakteria, ovyo kwa ajili ya tumbo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari Desemba 2018 kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kuongeza hatari ya mshipa mkuu kuchanika. Watu wanakuja kununua vidonge vinne kama karanga.

#37 Bonde la Usangu
Bado nasema ale na dagaa.

#38 Nesi wa Zamu ya Usiku
Ale. Hakuna aliyekataa dagaa.

#39 Kijana wa Sae
Mrejesho, wakuu. Wiki 3 zimepita. Tulikwenda tukiwa na daftari na picha mbili za bega. Foleni kama kawaida, tulifika saa 12 asubuhi tukaonwa saa 7. Daktari kijana, alianza kuandika kabla hajamwangalia. Nikaweka simu mezani, picha ya bega likiwa limetoka. Akanyamaza. Akaita mwenzake. Wakampima pointi wao wenyewe, wakapata 7, goti wamelikataa. Mmoja akasema ugonjwa huu aliwahi kuusoma chuoni na hajawahi kuushika kwa mkono. Ameandika kwenye faili kwa maneno mengi, rufaa ya mazoezi tiba, na eko tumepangiwa mwezi ujao. Damu imepimwa, iko chini kidogo. Mapigo yalipanda 34 tu, kwa hiyo hilo halijaamuliwa, wamesema damu ipande kwanza.

Mmoja wao anaamini ni Ehlers-Danlos, mwenzake anasema bado, ni ulegevu tu wenye maumivu. Walibishana mbele yetu kama nyie.

Mama bado anamtaja mzee wa Tukuyu. Tumekubaliana amwone mama mwenyewe, kwa goti lake.

#40 Mwana wa Rungwe
Ndaga fijo. Mpelekeeni mzee na sukari.

#41 Mtu wa Mazoezi Tiba
Goti gani walilikataa?

#42 Kijana wa Sae
La kushoto. Wamesema nyuzi 9.

#43 Binti Ilomba
Mwambie mdogo wako awapelekee goti jioni, akiwa amechoka. Langu asubuhi ni 8, jioni 12.